Dai la kuchelewa huweza kumponza mteja wa wakili mzembe

KATIKA England na Wales, mteja aliyepata hasara kwa uzembe wa wakili kwa kawaida ana miaka 6 kumshtaki, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1980.

Muda huo ukipita, hawezi kupachika dai jipya apendavyo. Mahakama huweza kuruhusu marekebisho iwapo dai hilo linatokana na mambo yale yale, au yanayokaribiana sana na yaliyoelezwa awali.

Wakili naye anaweza kuomba kesi iamuliwe bila kusikizwa kikamilifu, akidai haina matumaini halisi ya kufaulu. Dai la kwanza likiwa hafifu na marekebisho yakikataliwa, kesi huweza kutupwa na mteja akatwikwa gharama.

Ndiposa kila kosa hufaa kuelezwa mapema.