Usipochunga tafsiri, utando hugeuka mtandao

Mwezi uliopita nilikuwa Garissa kwa siku mbili kuzungumza na wanafunzi kuhusu tafsiri za kisayansi. Zoezi nililowapa lilikuwa jepesi, au ndivyo nilivyodhani. Kila mmoja angechagua mada anayoisoma kwa Kiingereza, aandike kichwa chake kwa Kiswahili, kisha aieleze mbele ya wazazi na wazee walioalikwa Jumamosi. Kijana mmoja anayesomea fizikia alisimama akasoma: "Vihisi nyumbufu vya uwezo vya kufuatilia nyenzo za mtandao zinazosonga."

Ukumbi ulinyamaza. Mzee aliyekaa safu ya mbele akauliza kwa upole: "Kijana wangu, hicho ndicho chombo cha kusikiliza simu zetu?"

"La, adeer," kijana akajibu, "hiki ni cha karatasi."

Watu walicheka, lakini mzee hakucheka. Na kusema kweli, hakuwa amekosea. Katika eneo ambako watu wazima wanaikumbuka kadi ya waridi ya mwaka 1989, Wasomali wa Kenya walipopangiwa foleni kuthibitisha uraia wao, kitenzi "kufuatilia" hakiingii sikioni kikiwa mikono mitupu. Ukikiambatanisha na "mtandao", neno ambalo leo kila mtu analielewa kuwa ni WhatsApp na Facebook, basi umeshatangaza ujasusi. Mzee aliisoma sentensi jinsi ilivyoandikwa. Kosa lilikuwa la sentensi.

Kijana alikuwa na nia ya kusema nini? Chukua gazeti hili ulilolishika. Kabla halijakatwa na kukunjwa, lilikuwa karatasi moja ndefu isiyokatika, iliyoviringwa kama jora la kitambaa na kupitishwa kwenye rola za mtambo wa uchapishaji kwa kasi inayoweza kuzidi mita 10 kwa sekunde. Karatasi yenyewe ina unene wa takriban milimita 0.07 tu. Ikienda upande kidogo, rangi huchapwa pasipo pake. Ikivutwa mno hukatika, na mtambo mzima husimama. Karatasi hiyo inayokimbia ndiyo Waingereza wa viwandani wanayoiita "web". Plastiki ya mifuko hutengenezwa vivyo hivyo, na nguo pia. Hata paneli za ule mradi wa umeme wa jua wa Garissa, wa megawati 50, uliozinduliwa mwaka 2019, ndani yake mna matabaka membamba ya plastiki ambayo kiwandani hutoka yakiwa jora.

Sasa, nani wa kuitazama karatasi inayokimbia hivyo? Jicho haliwezi. Ukiigusa unaichana. Hapo ndipo kihisi kinapoingia.

Kijana alipoanza kueleza kwa maneno yake mwenyewe, bila karatasi mkononi, alieleweka mara moja. Alianza na feni. Garissa ni mji wa joto la nyuzi 35 na zaidi, na feni ya darini ikianza kuzunguka kwa uvivu, fundi huja, huigonga kidogo na kusema: "Kapasita imekufa." Kila mtu ukumbini alishawahi kuinunua hiyo kapasita. Ndani yake mna vipande viwili vya metali vinavyotazamana bila kugusana, na katikati pana kitu kisichopitisha umeme. Ukiviunganisha na umeme, chaji hujikusanya juu yake. Kiasi cha chaji hutegemea mambo matatu: ukubwa wa vipande, umbali kati yake, na kile kilichowekwa katikati. Hilo la tatu ndilo siri yenyewe. Ukiipa hewa namba 1, karatasi kavu hupata kama 2 au 3, na maji hupata karibu 80. Ndiyo maana karatasi ikishika unyevu kidogo tu, kipimo huruka. Ndiyo maana pia simu yako, ambayo kioo chake hutambua kidole kwa njia hiyo hiyo, hujifungulia mambo usiyoyataka tone la mvua linapoidondokea.

Cha mtamboni kina tofauti moja. Vipande vyake si vigumu. Ni mistari myembamba ya wino unaopitisha umeme, iliyochapwa juu ya plastiki laini, mithili ya vitana viwili vilivyopishanishwa meno. Kwa kuwa hupindika, huweza kuzungushwa kufuata umbo la mtambo na kukaa karibu sana na karatasi bila kuigusa. Nguvu ya umeme hutoka kwenye jino moja, hupinda kupitia karatasi inayopita, kisha hurudi kwenye jino la pili. Karatasi ikiwa nzito au mbichi, kipimo hupanda. Ukingo wake ukiteleza upande, sehemu iliyofunikwa hupungua na kipimo hushuka, na rola hugeuzwa kuirudisha njiani.

Turudi kwenye maneno, maana hiyo ndiyo kazi ya safu hii. "Uwezo" ulimpotosha kijana kwa sababu programu ya kutafsiri kwenye simu iliona neno la Kiingereza lenye maana ya nafasi ya kuhifadhi, ikalipa maana yake ya kila siku. Sijui Mswahili atakayeelewa "kihisi cha uwezo". Fundi wa feni alishatutatulia: kapasita. Kuna wenzangu wanaochukia utohozi wanaoona uvivu kila neno la kigeni linapovishwa irabu mwishoni. Mimi nawauliza: neno ambalo muuzaji, fundi na mteja wanalitumia sokoni bila kuulizana, mnalifuta kwa faida ya nani? Mtaalamu wa Uganda, K. B. Kiingi, alipoweka vigezo vyake vya kupima istilahi, alihesabu kukubalika kwa neno miongoni mwa watumiaji kuwa kigezo kamili, sawa na uwazi au uhakika wake.

"Mtandao" ni kosa la kuvutia zaidi. Neno la Kiingereza lenyewe zamani lilikuwa na maana ya nguo iliyofumwa. Buibui alilipata baadaye, na intaneti juzi juzi. Kiswahili nacho kina ukoo mzima wa neno la aina hiyo: mzizi -tanda. Mawingu hutanda. Mkeka hutandikwa. Nyuzi za urefu zinazovutwa kwenye kitanda cha mfumi huitwa mtande, na zile zinazopita kati yake ni mshindio. Mtandio ulioko mabegani mwa kina mama waliojaa ukumbini siku ile ni wa ukoo huo huo. Wala ufumaji si hadithi ya mbali kwa watu wa huku: Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alitaja nguo zilizofumwa pale na kupelekwa hadi Misri.

Ila ndugu wa ukoo mmoja hawafanani. "Mtandao" umetokana na -tandaa, yaani kuenea kila upande. "Utando" umetokana na -tanda yenyewe, kulala na kufunika: utando wa maziwa yaliyopoa, utando wa jicho. Karatasi ya mtamboni haienei kokote. Imevutwa, imenyooka, inapita. Hivyo inastahili kuitwa utando.

Kuhusu "kufuatilia", sikulazimika kusema lolote. Msichana aliyekaa nyuma alinyoosha mkono akasema: "Mwalimu, si hiyo kazi ni kuchunga tu?" Wee! Nilikaa chini. Kihisi kinaitazama karatasi isitoke njiani, na ikitoka inarudishwa. Katika mji wenye mojawapo ya masoko makubwa ya mifugo Afrika Mashariki, nani angehitaji kufafanuliwa neno hilo?

Basi kijana aliandika upya: "Vihisi-kapasita vinavyopindika vya kuchunga utando wa karatasi mtamboni." Mzee aliomba asomewe mara ya pili, kisha akauliza swali ambalo wahandisi wanalikuna kichwa hadi leo: "Na vumbi je? Na joto?" Kwa kweli hivyo ndivyo maadui wakubwa wa chombo hiki. Vumbi likitua juu ya kihisi, au hewa ikibadilika joto na unyevu, kipimo husogea ingawa karatasi haijabadilika. Dawa mojawapo ni kuweka kihisi cha pili kisichoiona karatasi, kinachopima hewa peke yake, kisha kipimo chake kikatolewa kwenye cha kwanza.

Hicho cha pili hatukukipatia jina. Mimi nilisema "kihisi rejea", kijana akasema ni refu la kitabuni, na msichana wa nyuma akataka "shahidi". Wasomaji mnasemaje?