Picha ya Heshima na Haiba ya Mwenyewe

Mtu akiifuata barabara ya Namanga kutoka Nairobi, akauvuka mto Athi na kuviacha nyuma viwanda vya saruji na malori yao, huingia Kitengela, mji uliokua kwa haraka pembezoni mwa tambarare za Wamaasai, na ambamo wapiga picha tulio na vibanda kando ya barabara tunaishi kwa picha ndogo za pasipoti, za fomu za shule na za maombi ya kazi. Kazi hiyo siidharau, kwa kuwa imenilisha mimi na watoto wangu. Lakini picha ya aina ile imekusudiwa jambo moja tu, nalo ni kumtambua mtu, ilhali picha ninayotaka kuieleza hapa imekusudiwa kumjua, na baina ya kutambua na kujua pana safari ndefu kuliko ile ya kutoka hapa hadi mpakani Namanga.

Vitabu vingi vya sanaa hii vilivyoandikwa ng'ambo hufundisha kwamba haiba ya mtu hujificha nyuma ya mkao wake, na kwamba mpiga picha hodari ni yule awezaye kumghafilisha mwenyewe, akaiteka sura yake kabla hajapata nafasi ya kuipanga. Mfano utolewao aghalabu ni wa Yousuf Karsh, ambaye tarehe 30 Desemba 1941, katika mji wa Ottawa, alimsogelea Winston Churchill, akamnyang'anya biri iliyokuwa kinywani, kisha akafyatua kamera wakati ule ule ambapo hasira ilikuwa imepanda usoni pa waziri mkuu yule. Na ulimwengu ukaisifu picha hiyo kwamba ndiyo ushujaa wa Uingereza katika vita. Sikatai ustadi wa Karsh. Lakini nenda leo popote katika kaunti yetu ya Kajiado, umkaribie mzee aliyesimama na fimbo yake, umpokonye fimbo hiyo ili umwone amekasirika: utapata picha ya mtu aliyevunjiwa heshima, basi, wala hutapata lolote jingine, na huenda usiipate hata hiyo.

Kwetu sisi, mtu anayejua kwamba atapigwa picha huoga, huvaa nguo yake njema, huchana nywele au kufunga kilemba, kisha husimama wima, mikono ikiwa imetulia, uso umekazwa, bila ya kucheka. Wengi waliosoma huiona picha hiyo kuwa ni ngumu na kavu, nao humhimiza bibi yao atabasamu, jambo ambalo bibi hulifanya kwa shida, likatoka tabasamu la kuazima. Mimi nasema kwamba mkao ule ni kauli. Mtu anayechagua kusimama hivyo anatuambia ni nani katika watu wake, na anataka akumbukwe vipi na wajukuu ambao hatawaona; na kwa kuwa hakuna watu wawili wanaoweza kuvaa taadhima moja kwa namna moja, haiba yao hudhihirika ndani ya taadhima hiyo hiyo. Waweke ndugu wawili, mmoja baada ya mwingine, katika kiti kimoja, mbele ya ukuta mmoja, uwaambie wakae kwa heshima: mmoja atakaza vidole juu ya magoti kama mtu anayengojea hukumu, na wa pili atauegemeza mgongo kama mwenye nyumba.

Wazee wetu katika sanaa hii waliyaelewa hayo pasi na kuandikiwa na mtu. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza, iliyofunguliwa Unguja mwaka 1930, na studio ya N. V. Parekh kule Mombasa katikati ya karne iliyopita, zilipokea Waswahili, Wahindi, Waarabu na watu wa bara waliokuja na nguo zao bora, kila mmoja akitaka awe katika picha kama anavyojiona moyoni mwake. Kule Bamako, nchini Mali, Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mwaka 1948, alikuwa na suti, saa, redio na hata pikipiki za kuazimisha wateja, naye aliwapiga picha uani kwa nuru ya mchana, mbele ya kitambaa chenye maua. Mtu angedhani kwamba suti ya kuazima ingemficha aliyeivaa. Kinyume chake, ukizitazama picha zile leo, huoni suti. Unamwona kijana anayetamani, dada anayejivuna, mume aliyeuweka mkono wake begani pa mkewe kwa woga, kwa kuwa Keïta aliwaachia wateja ikhtiari ya kujichagulia, kisha yeye akachagua upande wa uso, kimo cha kidevu na mahali pa mikono.

Kajiado imepata hasara ya kinyume chake. Watu wa huku wamepigwa picha kwa wingi, lakini aghalabu wamepigwa kama kabila. Joy Adamson, ambaye wengi wanamjua kwa habari za simba, aliajiriwa na serikali ya kikoloni kuchora sura za watu wa Kenya pamoja na mavazi na mapambo yao, kazi iliyozaa kitabu mwaka 1967. Kazi yenyewe ni ya thamani na mkono wake ulikuwa mwepesi, ila nia yake ilikuwa kuuhifadhi ushanga kabla haujatoweka. Watalii wanaopita Namanga kwenda Amboseli wanaendelea na mtindo huo pasi na elimu yake: shuka nyekundu, ndewe za masikio, mruko wa vijana, kisha gari linaondoka. Jina la mtu halikuulizwa. Kati ya maelfu ya picha hizo ni chache mno ambazo mwana wa yule aliyepigwa angezitambua akasema, huyu ni baba, hivi ndivyo alivyokuwa akitazama.

Nieleze kisa kimoja. Niliitwa katika boma moja upande wa Isinya kumpiga picha mzee ambaye wanawe walitaka waitundike sebuleni. Nilikwenda na mwanangu mdogo anichukulie mfuko, naye, kama alivyofunzwa na wenzake wa shuleni, alipomfikia mzee aliinamisha kichwa kwa salamu ya Kimaasai, na mzee akamwekea kiganja utosini. Kiganja kile kilikawia. Desturi ingetosheka na mguso mwepesi, lakini mzee aliuacha mkono pale huku akiniuliza habari za njia, kana kwamba kichwa cha mtoto ni kitu cha kupumzishia mkono, nami kabla sijaifungua kamera nilikuwa nimekwisha pata habari moja kubwa kumhusu.

Nikamwomba akae kitini.

"Kijana wangu," akasema, "usinipige nikiwa nimeketi. Watu watasema naumwa."

"Haya, mzee, tusimame basi."

Akasimama na shuka yake, kofia yake na fimbo yake, saa ya mkononi akiwa ameigeuza ili ionekane, nami nikampiga kwa taratibu picha kadha wa kadha za heshima, kila moja kwa nia safi, kwani mzee angetambua mara moja kama nilikuwa nikimridhisha tu. Zilipokwisha, sikufunga mfuko. Tukanywa chai. Jua lilipokuwa likielekea milima ya Ngong mbuzi wakarudi, na mzee, ambaye alikuwa akinisimulia habari za ukame, akanyamaza katikati ya sentensi. Macho yake yakaruka kutoka mbuzi hadi mbuzi, midomo ikajibana kidogo upande wa kushoto, mpaka alipomwona wa mwisho akipita mlangoni. Nilimwuliza, "Mzee, niendelee?" naye akanipungia mkono bila ya kugeuka, nami nikapata picha mbili.

Usiku, nilipoziweka picha zote sambamba, niliona jambo ambalo limenifunza kuliko kitabu chochote. Ule mbano wa midomo upande wa kushoto ulikuwamo tangu picha ya kwanza kabisa, akiwa amesimama na fimbo yake. Yule mlinzi anayehesabu kwa macho alikuwa amesimama mbele yangu saa nzima, mimi ndiye sikuwa nimejua kumsoma.

Baada ya adabu huja nuru, nayo katika tambarare hizi ni mtihani. Sisi tuko karibu sana na ikweta, hata mwezi wa Machi na wa Septemba jua la adhuhuri husimama takriban juu ya utosi, likayajaza macho kivuli, likaning'iniza kivuli kingine chini ya pua. Na macho yasipoonekana, haiba nayo haionekani. Ngoja hadi saa 11 jioni, au damka saa 1 asubuhi. Kama huna budi kufanya kazi mchana, mweke mtu barazani, chini ya kivuli cha mabati, aelekee njia, kwa kuwa nuru ya uwandani humwingia kwa mbele au kwa ubavu ikiwa imelainika, na kila duka la Kitengela lina baraza ya namna hiyo. Mimi napenda mno mwezi wa Julai, wakati mawingu ya baridi yanapolifunika jua mchana kutwa, na uso wa mtu ukaweza kusomwa hadi kunjo la mwisho.

Fauka ya hayo, mpiga picha wa huku ni lazima ajue namna kamera inavyofikiri. Kipimo cha nuru ndani ya kamera hudhani kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, ni vya kijivu, rangi inayorudisha takriban asilimia 18 ya nuru. Sasa msimamishe mtu mweusi mbele ya majani makavu ya tambarare za Kaputiei yanayometameta, na kamera, kwa kuuona ung'avu mwingi, itaipunguza nuru, na uso wa mtu utageuka kuwa doa. Pima nuru usoni penyewe, au katika simu gusa uso kwenye kioo, halafu sahihisha. Wala ubaya wa picha zetu za rangi za zamani haukutokana na ngozi zetu: kwa miaka mingi uchapishaji wa picha za rangi za Kodak ulisawazishwa kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa kizungu, iliyojulikana kwa jina la Shirley, na weusi wakalazimika kustahimili yaliyosalia. Angalia pia shuka nyekundu, kwani jua likiipiga hurusha wekundu wake chini ya kidevu na shavuni. Kitambaa cheupe kilichoshikwa na mtoto upande wa pili hupunguza wekundu huo, na mtoto mwenyewe humfanya mzee alegeze uso.

Kuhusu umbali nitasema kwa ufupi. Simu ikiletwa karibu sana na uso huivimbisha pua na kuyasukuma masikio nyuma, kwa hiyo rudi nyuma mita moja na nusu au mbili, kisha kuza picha kidogo. Mwenye kamera atumie lenzi ya milimita 85 au hata 50. Shabaha ya lenzi iwe jicho lililo karibu nawe. Na zile programu za simu zinazofuta makunyanzi na kuing'arisha ngozi, naomba zisiguse uso wa mzee yeyote, kwa sababu makunyanzi yale ndiyo maandishi uliyokuja kuyasoma.

Idhini si jambo la adabu peke yake. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, picha ya mtu ni data yake binafsi, ambayo anastahili kuulizwa kabla haijatumiwa, na mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuzitangaza picha za watoto bila ya idhini ya wazazi wao. Mwulize mtu kabla, mwulize tena unapotaka kuitoa picha hadharani, na akikataa, ifute mbele ya macho yake.

Wana wa yule mzee wa Isinya walichagua picha ya kwanza, ya kusimama, na ndiyo iliyoko sebuleni mwao hivi sasa ndani ya fremu ya mbao. Ile ya mbuzi, mzee mwenyewe aliitaka ndogo, na bado anayo. Nawe msomaji, kama unaye mzazi au babu katika mojawapo ya maboma au mitaa hii, usingoje harusi wala mazishi: mwendee asubuhi moja ya Julai, umwulize angependa asimame vipi, na ukimaliza, mchapishie picha yake katika karatasi, umpelekee mkononi.