Bakshishi ya Melini na Ng'ombe wa Bukura

Juma lililopita tulipokea wageni kutoka Bukura, huko Kakamega, ambako bahari hujulikana kwa kusimuliwa tu. Mama na mwanawe walisafiri usiku kucha hadi Mombasa, mkobani mna fedha za ng'ombe wao wa maziwa. Wakala mmoja alimwahidi kijana kazi ya kutandika vyumba katika meli ya kitalii, na aliitaka ada yake kabla ya mkataba. Mshahara, alisema, ni mdogo, ila bakshishi za abiria zitaufuta udogo huo.

Tulimpa mama chai, kisha tukamweleza tuyajuayo.

Kampuni nyingi za meli hizo humwandikia abiria bakshishi ya kila siku, dola 15 hadi 20 hivi kwa kichwa, nazo hugawiwa wahudumu. Lakini mara nyingi abiria aweza kwenda mapokezi akaomba ifutwe, na wapo wafanyao hivyo usiku wa mwisho wa safari. Wanavyuoni hutufundisha kwamba ujira sharti ujulikane kabla ya kazi, na kwamba hiba ni hiari ya mtoaji. Mwajiri anapoihesabu hiba ya mgeni kuwa sehemu ya ujira, humwacha mfanyakazi na riziki isiyo na kipimo. Sisi hilo halitupendezi, ingawa twakiri wapo waliojenga nyumba kwa bakshishi hizo hizo.

Na kazi yenyewe si ya mchezo. Mkataba huchukua miezi sita hadi tisa, aghalabu bila siku nzima ya mapumziko. Upo Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, na mhudumu wa vyumba naye ni baharia mbele yake. Nchi yenye bendera ya meli, iwe Panama, Bahamas au Malta, ikichagua kipimo cha mapumziko, hiyo ni saa 77 kwa juma. Piga hesabu: zasalia saa 91, na zote zaweza kuwa za kazi pasi na sheria kuvunjwa.

Hata hivyo mkataba huo huo wakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Juu yake ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza ni juu ya mwenye meli.

"Basi huyu anidai nini?" mama akauliza.

Tukamsindikiza hadi ofisi za serikali zinazosimamia mawakala wa mabaharia. Jina la yule bwana halikuwamo katika orodha ya wenye leseni. Mama akaukumbatia mkoba wake, akauliza basi la Kakamega huondoka saa ngapi.

Kijana hakunena neno. Alasiri tulimpeleka Mama Ngina, akaitazama meli ya makontena ikitoka Kilindini, akatuuliza kama humo nako kuna vitanda vya kutandikwa.