Leseni, bili na tiba ya akili Marekani (3): Mstari ulioachwa wazi Arizona

Katika makala mbili zilizopita tulishughulika na karatasi za ukutani. Tuliona kwamba Marekani haina leseni moja ya taifa kwa wanasihi wanaotibu maradhi ya akili na uraibu. Kila jimbo lina bodi yake, na mtu aliyemaliza saa zake 3,000 chini ya msimamizi huko California, akihamia Arizona, hulipeleka faili lake mbele ya bodi nyingine. Tuliona pia kuwa leseni ya mtu si leseni ya jengo. Leo nafika kwenye karatasi ya tatu, ile ambayo haitundikwi na mgonjwa haioni kamwe: usajili wa kulipwa.

Wengi hudhani leseni ikishapatikana fedha zitakuja zenyewe. Haziji. Leseni inakuruhusu kutibu, basi. Kulipwa ni mlango mwingine, na mlango huo una bawabu wake. Kwa wagonjwa wa kipato cha chini bawabu ni Medicaid, mpango ulioanzishwa mwaka 1965, ambao serikali kuu na majimbo huchangia gharama, lakini kila jimbo huuendesha kwa kanuni zake. Arizona ilikuwa jimbo la mwisho kujiunga, mwaka 1982, na shirika lake lina jina refu ambalo watu wamelifupisha kuwa AHCCCS na kulitamka “akses”.

Dai la malipo linalopelekwa huko ni kitu kikavu sana. Lina namba ya tarakimu kumi ya mtoa huduma, namba ya ugonjwa, na namba ya huduma. Maneno ya mgonjwa, machozi yake, ukimya wake wa nusu saa, vyote hivyo hubaki kwenye faili la kituo. Kinachosafiri ni namba. Tiba ya mazungumzo ya dakika 16 hadi 37 ni 90832; ya dakika 38 hadi 52 ni 90834; kuanzia dakika 53 ni 90837. Chini ya dakika 16 hakuna namba, kwa hiyo hakuna malipo. Ndiyo maana mnasihi makini huandika saa aliyoanza na saa aliyomaliza, na ndiyo maana mkaguzi akikuta vikao kumi na vinne vya saa nzima nzima ndani ya siku moja, kwa mtu yule yule, hahitaji ushahidi mwingine ili aanze kuuliza maswali.

Kila namba ya huduma ina bei yake kwenye jedwali la jimbo. Ndivyo ilivyo kawaida. Sasa tuje kwenye mstari mmoja wa jedwali la Arizona.

Namba yenyewe ni H0015. Inasimamia tiba ya kina ya uraibu kwa mgonjwa asiyelazwa: angalau saa tatu kwa siku, angalau siku tatu kwa wiki. Wanachama wengi wa AHCCCS wako chini ya kampuni za bima ambazo hupokea kiasi maalumu kwa kila mwanachama kila mwezi, na kampuni hizo huyachungulia madai kwa jicho la mwenye mali. Lakini Wamarekani asilia, yaani Wanavajo, Waapache, Wahopi na wenzao, wana mpango wao ambao jimbo hulilipa dai moja kwa moja bila kampuni katikati. Haki hiyo waliipata kwa sababu nzuri: wachague watakapotibiwa, wasifungiwe kwenye mtandao wa kampuni fulani. Na katika mpango huo, H0015 haikuwa na bei. Jimbo lililipa asilimia fulani ya chochote ambacho kituo kimeandika.

Hebu msomaji alitafakari hilo. Ukiandika dola 500, unapata sehemu ya 500. Ukiandika dola 2,000 kwa mgonjwa yule yule na saa zile zile, unapata sehemu ya 2,000. Muuza nyanya wa Kariakoo angekuambia siku hiyo hiyo biashara hii itaishia wapi.

Malipo ya tiba ya akili na uraibu kwa wagonjwa wasiolazwa katika mpango huo yalikuwa dola milioni 53 na ushei mwaka 2019. Kufikia mwaka 2022 yalikuwa karibu milioni 668. Wagonjwa hawakuongezeka zaidi ya mara kumi katika miaka mitatu. Kilichoongezeka ni vani.

Vani nyeupe, kwa mujibu wa familia nyingi, zilifika kwenye ardhi ya Wanavajo, zikafika Gallup na Farmington katika jimbo jirani la New Mexico, zikafika hadi Montana kwa Wablackfeet. Wapiga debe wake walimfuata mlevi nje ya duka la pombe au mtu asiye na pa kulala, wakamwahidi chakula, kitanda na matibabu, wakampakia hadi Phoenix. Huko aliwekwa kwenye nyumba ya kawaida ya mtaani, ile ambayo sisi huku Zanzibar na Bara tunaiita soba, au kwa jina la kiofisi nyumba ya upataji nafuu. Hapa ndipo ujanja wa karatasi ulipo, na naomba tuende polepole. Soba ya Arizona haiwezi kuidai AHCCCS senti kwa kumlaza mtu. Anayedai ni kliniki. Kwa hiyo kliniki ililipa soba kwa kichwa, soba ikampeleka mtu kliniki, naye akiwa amekaa kwenye kiti, au wakati mwingine akiwa hayupo kabisa, H0015 ikaandikwa. Kuna waliodaiwa kutibiwa wakiwa wamekwisha kufa. Kuna wasio Wamarekani asilia walioandikishwa katika mpango ule, kwa sababu kujiandikisha kulitaka simu tu na neno la mwenyewe. Ndani ya baadhi ya nyumba hizo pombe na dawa za kulevya zilikuwepo, maana mraibu aliyepona ni mteja aliyepotea.

Tarehe 16 Mei 2023, Gavana Katie Hobbs na Mwanasheria Mkuu wa jimbo Kris Mayes walisimama mbele ya waandishi wakiwa na viongozi wa Wanavajo na mataifa mengine ya asili. Siku hiyo malipo ya vituo zaidi ya mia moja yalikuwa yamesimamishwa. Hasara ilikuja kukadiriwa kufikia dola bilioni 2.5. Shirika la habari za uchunguzi la ProPublica na washirika wake wa Arizona walihesabu baadaye Wamarekani asilia wasiopungua 40 waliofia katika soba na vituo vya tiba vya eneo la Phoenix kati ya 2022 na 2024.

Silaha iliyotumika kusimamisha malipo inastahili kueleweka. Kanuni ya serikali kuu, iliyokazwa na sheria ya afya ya mwaka 2010, inalitaka jimbo lisimamishe malipo pale tu tuhuma ya ulaghai inapoonekana kuwa na msingi. Hukumu haingojwi. Ni kanuni yenye mantiki, kwa kuwa fedha ikishatoka hairudi, lakini ni panga lenye makali pande mbili: kituo safi kilichotuhumiwa kwa makosa ya uandishi hufunga kabla hakijajieleza. Na vituo vilipofunga milango, watu waliokuwa ndani walijikuta barabarani Phoenix, mamia ya kilomita kutoka kwao, katika joto la Juni. Jimbo liliweka namba ya simu, 211 kisha ubonyeze 7, ili wapatiwe hoteli na usafiri wa kurudi. Wanavajo nao waliunda operesheni yao, wakaiita Daraja la Upinde wa Mvua, wakazunguka mitaani kutafuta watu wao.

Ufundi wa kuziba tundu, kwa kulinganisha, ulikuwa mwepesi hadi unaudhi. H0015 ilipewa bei. Usajili mpya wa kliniki za namna hiyo ulisitishwa mwezi Juni. Wanaoomba kusajiliwa wakawekwa kwenye kundi la hatari kubwa, ambalo wamiliki wake huchukuliwa alama za vidole na jengo hutembelewa kabla ya kupewa namba. Yote hayo yangewezekana mwaka 2019.

Nina neno kwa wasomaji wetu walioko huko, Wakongo, Wakenya, Watanzania mnaofanya zamu katika nyumba za matunzo. Arizona inaruhusu msaidizi asiye na leseni kufanya kazi ya afya ya akili chini ya usimamizi wa mwenye leseni, na ni yeye mara nyingi anayejaza taarifa ya kikao. Ukiambiwa unakili taarifa ya jana ubadilishe tarehe, jua kwamba sahihi ni yako. Jua pia kuwa ipo sheria ya mwaka 1863, ya enzi za Lincoln, iliyotungwa wakati wazabuni walipokuwa wakiliuzia jeshi bidhaa mbovu. Bado inatumika kwa bili za matibabu: anayeidai serikali kwa uongo hulipa mara tatu ya hasara, na mfanyakazi anayefungua kesi kwa niaba ya serikali, akishinda, hupata kati ya asilimia 15 na 30 ya kilichorudishwa.

Limebaki jambo moja ambalo sikuweza kulimaliza leo. Mama wa Gallup anayemtafuta mwanawe anapiga simu kituo kimoja baada ya kingine Phoenix. Kila kinapopokea simu kinajibu kwamba hakiwezi kusema kama mtu huyo yupo au hayupo. Kituo kibovu kitajibu hivyo, na kituo kizuri kitajibu hivyo pia, kwa sababu sheria ya siri za wagonjwa wa uraibu, yenye mizizi ya miaka ya 1970, inakataza hata kuthibitisha kuwa fulani ni mgonjwa hapo bila ridhaa yake. Sheria hiyo ilitungwa kumlinda yule mwana. Wiki ijayo tutaifungua.