Lakabu Moja, Majedwali Mawili

Mwaka 1970 E. F. Codd alieleza jinsi ya kuhifadhi taarifa katika majedwali yanayohusiana. Swali likilitumia jedwali moja mara mbili, kila tumizi hupewa lakabu yake. Siku hizi kazi hiyo mara nyingi huachiwa programu-tafsiri, ambayo hugeuza maagizo ya mtunzi wa programu kuwa maswali ya majedwali. Hapo kosa huweza kujificha.

Tuchukue mfano. Darasa A lina wanafunzi wawili wenye alama 40 na 60. Darasa B lina wenye 80 na 90. Ni nani waliozidi wastani wa darasa lao? Wastani ni 50 na 85. Jibu ni wenye 60 na 90. Swali la ndani, litafutalo wastani, hulinganisha darasa la m2 na darasa la m1. Majedwali yote mawili yakiitwa m1, kompyuta huifuata lakabu ya ndani, na darasa hulinganishwa na lenyewe. Sharti hilo hutimia daima. Wastani huwa wa shule nzima, 67.5, na jibu huwa wenye 80 na 90.

Kompyuta haitoi onyo lolote. Kwa hiyo yafaa swali lijaribiwe kwanza kwa mfano mdogo uwezao kukokotolewa kwa mkono.