Mgonjwa wa kisukari na saumu: ruhusa isiyotumika

Mwezi wa Ramadhani unapoandama, mji wa Garissa hubadili mwenendo wake. Mikahawa mingi hufungwa mchana, barabara hupoa baada ya adhuhuri, na masikio yote huingoja adhana ya magharibi. Kwa kuwa tuko karibu kabisa na ikweta, muda wa kufunga haubadiliki sana mwaka hadi mwaka: ni saa 13 na zaidi kidogo. Hata hivyo, joto la bonde la Mto Tana huzirefusha saa hizo kwa aliye mzima, sembuse kwa mwenye kisukari.

Sina nia ya kujadili fadhila za saumu. Hizo Mwislamu anazijua. Ninachouliza ni hiki: kwa nini mgonjwa aliyeruhusiwa na dini yake asifunge huona haya kuitumia ruhusa hiyo?

Sura ya Al-Baqara imewaondolea mgonjwa na msafiri uzito wa kufunga, wazilipe siku hizo baadaye. Wanazuoni wamefafanua kwamba mwenye maradhi yasiyotarajiwa kupona hutoa fidia kwa kumlisha maskini. Mwaka 2009, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Sharjah, liliwagawa wagonjwa wa kisukari katika makundi manne kwa kadiri ya hatari, na makundi mawili ya kwanza likayataka yasifunge.

Sababu yake ni wazi. Mtu mzima anapofunga, kongosho lake hupunguza insulini lenyewe sukari inaposhuka. Lakini kwa anayejidunga insulini, au anayemeza baadhi ya vidonge vya kulichochea kongosho, dawa huendelea kufanya kazi hata tumbo likiwa tupu. Hapo huja jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, na pengine kuzirai. Akiiacha dawa kwa kuhofia hayo, sukari hupanda, naye hukojoa mno hadi mwili ukaukiwe na maji.

Utafiti uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13, kwa wagonjwa zaidi ya 12,000, ulionyesha kuwa asilimia 79 ya wenye kisukari cha aina ya pili walifunga siku zisizopungua 15. Miongoni mwao, visa vya sukari kushuka vibaya viliongezeka zaidi ya mara saba katika Ramadhani. Basi tatizo hili si letu peke yetu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni shule zetu za bweni. Mwanafunzi anayetumia insulini akionekana anakula mchana huchekwa na wenzake. Kwa hivyo hufunga kwa kuogopa macho ya watu. Waswahili walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Ni wajibu wa mwalimu kuijua hali ya mwanafunzi huyo, kumtengea mahali pa staha pa kula, na kuwaelimisha wenzake kwamba anayetii ruhusa ya Mola wake hajavunja amri.

Wapo wenye kisukari cha aina ya pili kilichodhibitiwa vyema ambao huweza kufunga kwa salama. Hao nao wamwone daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama, ili vipimo na saa za dawa zipangwe upya. Wasiache daku, wala wasifuturu kwa kurundika tende, sambusa na chai ya sukari nyingi. Wapime sukari mchana. Wanazuoni wengi wamesema kudunga kidole hakubatilishi saumu. Ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, au ikipita 16.6, wafungue papo hapo, hata kama magharibi imekaribia.

Daktari peke yake hawezi kuliondoa haya hili. Mgonjwa humwamini daktari kuhusu damu yake, lakini kuhusu saumu yake humsikiliza imamu. Ndiyo maana naona hotuba za Ijumaa za mwezi wa Shaabani, kuanzia Garissa hadi Wajir na Mandera, zingefaa kulitaja jambo hili waziwazi, na imamu amwalike mganga wa hospitali ajibu maswali baada ya sala. Maneno ya wawili hao yakiwa mamoja, mgonjwa atakula mchana bila kujificha, na fidia yake itamfikia maskini anayeingoja.