Bango Linalosomeka Kwa Jua na Halimalizi Stima: Cheki Vile Linafanya

Ushawahi toa simu saa saba mchana usome meseji, kumbe jua ni kali mpaka unajiona sura tu kwa kioo? Manze, hiyo ndiyo shida ya mabango ya LED. Mchana lazima yawake kwa nguvu ndio yashindane na jua, na huo mwangaza wote ni stima. Usiku nayo, kama unaishi karibu na moja, unajua vile linamulika mpaka ndani ya pazia. Halafu stima ikipotea, hakuna kitu.

Sasa kuna form tofauti: karatasi ya kielektroniki. Pengine ushaishika. Ni ile skrini ya Kindle.

Teknolojia yake ilitoka chuo cha MIT huko Marekani, na kampuni ya E Ink ikaanzishwa 1997. Ndani ya skrini kuna vidonge vidogo sana, upana wa unywele hivi. Kila kidonge kina chembe nyeupe na nyeusi zinazoelea, na chaji zao ni tofauti. Ukipitisha stima kidogo, rangi moja inapanda juu, ingine inashuka. Ukizima, chembe zinabaki palepale. Kumaanisha picha haiondoki! Stima inatumika wakati wa kubadilisha ujumbe tu.

Na kwa sababu skrini haijiwashi, inarudisha mwanga wa jua kama gazeti. Jua likizidi, ndio unasoma poa zaidi.

Sydney, Australia, walijaribu hii kitu 2015 kwa alama za barabarani. Zilitumia sola, na ujumbe ulibadilishwa kutoka mbali, bila msee kubeba ngazi.

Sasa mbona haijajaa kila mahali? Iko slow. Haiwezi cheza video vile LED inacheza, na ile ya rangi inaweza kukaa sekunde kadhaa ndio ibadilishe picha moja. Usiku pia lazima iwekewe taa.

Kwa hivyo mwenye anataka tangazo la kudansi atabaki na LED. Lakini saa za basi, barabara imefungwa, nauli ya leo? Hizo hazihitaji kudansi. Zinahitaji kusomeka, hata stima ikipotea.

Next time bango likikuchoma macho usiku, jiulize: hii lazima ingewaka hivi?